Simu, kamera au taa? Pesa ya picha iende wapi kwa mfanyabiashara wa Garissa

Mwenye duka la madera mjini Garissa anayetaka kuuza mtandaoni hupata ushauri wa kila namna. Mpiga picha wa harusi humwambia anunue kamera kubwa, kwani picha ya simu haina heshima. Muuza simu humwonyesha namba zilizochapishwa kwenye boksi, megapikseli 50, megapikseli 108, na kumhakikishia kwamba zama za kamera zimekwisha. Video za mafunzo kutoka Marekani na Ulaya zinamtajia studio ya taa tatu na ukuta mweupe. Kila mmoja kati ya hao ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi: watu wananunua vifaa ghali, picha zinabaki zilezile, na lawama inaangukia mikono yao badala ya ushauri waliopewa.

Swali la simu au kamera limekaa vibaya tangu mwanzo. Linatanguliza kifaa kabla ya kujua picha itatazamwa wapi, bidhaa yenyewe ni ya aina gani, na mnunuzi atapoteza nini picha ikimdanganya. Kaskazini Mashariki mwa Kenya maswali hayo matatu yana majibu yake, na majibu hayo yanageuza hesabu yote.

Picha inakokwenda

Mzigo mwingi unaouzwa Garissa hutoka Eastleigh, Nairobi, kilomita zipatazo 370 kwa barabara ya Thika na Mwingi. Kutoka Garissa unasambaa tena: Dadaab, yapata kilomita 100 mbele, zilipo kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kisha Wajir, Mandera na vituo vidogo vya njiani. Mnunuzi mwingine yuko Minneapolis au London, anamchagulia mama yake dera la Idi na kumlipia. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, iliwezesha pesa kutangulia bidhaa. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na kuongezewa katalogi mwaka 2019, ikampa muuzaji rafu ya kupanga mali bila kulipia pango. Kati ya pesa iliyokwisha tumwa na kifurushi kilicho kwenye buti la basi, mnunuzi ana picha tu. Imechukua nafasi ya mkono wa mama anayepapasa kitambaa na kukinyanyua kwenye mwanga.

Sasa tazama ukubwa wa picha hiyo inapomfikia mnunuzi. Picha ya wima ya Instagram kwa kawaida huonyeshwa kwa upana wa pikseli 1,080 na urefu wa 1,350, yaani pikseli zisizofika milioni moja na nusu. WhatsApp, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi upande mrefu uwe kama pikseli 1,600. Chaguo la HD liliongezwa Agosti 2023, ila linakula bando zaidi. Hata Amazon, wenye masharti makali kuliko masoko mengi, wanataka mandhari nyeupe kabisa, bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu, na upande mrefu uwe na pikseli 1,000 ili mnunuzi aweze kuvuta karibu. Simu ya megapikseli 12 tayari inatoa mara nane ya kinachoonyeshwa Instagram. Anayeongeza pesa ili atoke megapikseli 50 aende 108 ananunua kitu ambacho programu itakitupa kabla picha haijafika kwa mteja.

Hasara iko kwingine. Dera lililoonekana la zumaridi likafika la samawati hurudi na basi lilelile, nauli ya kifurushi imelipwa mara mbili, na mteja wa Hagadera amekwisha waeleza majirani. Katika biashara ya mbali namna hii, rangi ya kweli ina thamani kuliko wingi wa pikseli, na kifaa chochote kipimwe kwanza kwa hilo.

Hoja ya simu

Nguvu ya kwanza ya simu ni kwamba ipo. Tecno, Infinix, Itel na Samsung ziko mikononi mwa wauzaji tayari, na kifaa kimoja hupiga picha, huirekebisha, huituma, hujibu maswali ya bei na kupokea malipo. Mzigo ukifika saa mbili usiku, wateja wanauona saa mbili na nusu. Nguvu ya pili haitajwi sana: sensa ndogo ya simu huonyesha kitu chote kikiwa wazi, kutoka mbele hadi nyuma. Kwa picha ya mtu watu huliona hilo kuwa upungufu, ndiyo maana simu huongeza ukungu wa kubuni nyuma ya uso. Kwa chupa ya manukato au jozi ya viatu ni faida tupu.

Udhaifu wake unaanzia kwenye lenzi. Lenzi kuu ya simu ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 kwa kipimo cha kamera za filamu. Ukiisogeza karibu na kiatu, ncha inavimba na kisigino kinasinyaa, na mteja anadhani kiatu kina umbo baya. Dawa ni kurudi nyuma kama mita moja kisha kuvuta mara mbili. Wengi wanaogopa kuvuta kwa sababu wameambiwa kunaharibu picha. Hesabu inasema vingine: sensa ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kutoa picha ya 12.5, ukikata robo yake ya katikati unabaki na megapikseli 3, mara mbili ya inayohitajika. Ile lenzi ya ziada ya kupigia vitu vya karibu, ya megapikseli 2, inayobandikwa kwenye simu za bei nafuu, ndiyo ya kuepukwa. Picha iliyokatwa kutoka lenzi kuu huishinda mara nyingi.

Lakini kasoro nzito zaidi ya simu ni kujiamulia mambo. Kitambaa chekundu kikijaa fremu, simu hudhani mwanga ndio mwekundu, ikaupoza. Shash nyeupe, kitambaa cha kichwa, huigeuza kijivu, buibui jeusi hulififisha. Hali ya urembo inayolainisha ngozi hulainisha pia nyuzi na kufuta mng'ao wa darizi. Picha tatu za dera moja zilizopigwa ndani ya dakika tano zinaweza kutoka na rangi tatu. Hali ya kitaalamu, inayomruhusu mpigaji kufunga rangi na mwanga kwa mkono, huzuia hayo, na anayenunua simu kwa ajili ya biashara aiulizie hiyo kabla ya kuuliza megapikseli.

Hoja ya kamera

Canon EOS 2000D ya mwaka 2018, yenye megapikseli 24.1 na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ni mfano mzuri wa kamera za mtu anayeanza. Zile zisizo na kioo ndani, kama Sony ZV-E10 ya 2021 na Canon EOS R50 ya 2023, zimefuata. Sensa za kamera hizi zina eneo zaidi ya mara kumi ya sensa ya simu ya bei nafuu, kwa hiyo hukusanya mwanga mwingi na kuvumilia vivuli vizito.

Faida yake kubwa kwa muuzaji, hata hivyo, ni uthabiti. Ukishafunga mwanga, kasi na rangi, picha ya kwanza na ya mia mbili hufanana. Duka lenye hijabu ya aina moja katika rangi kumi na mbili linahitaji uthabiti huo, kwa sababu mteja analinganisha kahawia na kahawia nyingine akiwa mbali. Faida nyingine ni lenzi za kubadilisha. Muuza dhahabu anaweza kununua lenzi ya kupigia vitu vidogo, kama ile ya Canon ya milimita 35 iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na taa ndogo mdomoni mwake, na mteja akaona muhuri wa karati ndani ya pete. Simu ya kawaida haifiki hapo.

Ila kamera haiji peke yake. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, inayopendwa kwa unafuu wa bei, ikifunguliwa yote karibu na pete huonyesha jiwe wazi na kuacha duara la pete kwenye ukungu. Ili pete nzima ionekane, tundu la lenzi lifungwe hadi f/8 au f/11. Likifungwa, mwanga unapungua. Mwanga ukipungua, kasi ya kupiga inashuka. Kasi ikishuka, mkono unatikisa picha. Sasa inatakiwa stendi, na baada ya stendi, taa. Aliyedhani kamera itamwondolea shida ya mwanga mdogo anajikuta ana kamera na shida ileile. Juu ya hapo kuna kadi ya kumbukumbu, betri ya pili, na safari ya picha kutoka kwenye kamera hadi kwenye simu kabla haijaingia WhatsApp. Kwa anayepiga picha tano kwa siku, safari hiyo huchosha, na kamera huishia kabatini.

Giza la Soko Mugdi

Kundi la tatu linasema mwanga kwanza, kifaa baadaye. Mjini Garissa hoja hii ina ushahidi kwenye jina: neno mugdi, katika Soko Mugdi, kwa Kisomali lina maana ya giza. Chukua kibanda cha nguo katika soko lolote la eneo hili. Juu kuna taa ya LED ya bei rahisi; kwa mbele jua la uchochoro linapenya; na mahali pengine turubai la buluu limetandazwa kuzuia joto. Mwanga unaopita kwenye turubai la buluu ni wa buluu. Dera jeupe lililo chini yake litakuwa la buluu kwa kamera ya shilingi elfu kumi na kwa kamera ya laki mbili. Taa ya juu ikiongeza umanjano wake upande mmoja wa kitambaa, hakuna kifaa kitakachosahihisha pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa kila upande una kosa lake.

Tiba ya hali hiyo ni rahisi kiasi cha kudharauliwa. Bidhaa isogezwe hadi penye mlango au dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, taa za ndani zizimwe, shuka jeupe litundikwe mlangoni ikiwa jua ni kali, na karatasi ya manila nyeupe isimamishwe upande wa pili ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Kabla ya kupiga, simu ioneshwe karatasi nyeupe na rangi ifungwe hapo. Anayepiga usiku anunue taa za LED mbili za aina moja zenye alama ya CRI ya 95 kwenda juu. Alama hiyo hupima jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na nyingi za taa za dukani haziko karibu nayo.

Hapa pia bidhaa inaamua. Taa ya duara, ambayo imeenea sana kwa sababu ya video za TikTok, ni nzuri kwa uso wa mtu na mbaya kwa dhahabu: huchora duara jeupe kwenye kila bangili na kila chupa. Dhahabu ni kioo. Inaonyesha kilicho mbele yake, vikiwemo vidole vya mpigaji na simu yake. Pete ikizungushiwa karatasi nyeupe pande zote na kubaki tundu dogo la lenzi, inaonyesha weupe wa karatasi na mistari yake inatoka safi. Chupa ya uudi inataka kinyume chake, mwanga kutoka nyuma. Kata kipande cha karatasi nyeupe kwa umbo la chupa, kidogo kuliko chupa yenyewe, kiegemeze nyuma yake, na mafuta yaliyoonekana meusi yatawaka rangi ya asali. Dera jepesi nalo linapitisha mwanga, hivyo livalishwe juu ya gorgorad, sketi ya ndani, kwenye sanamu la dukani. Likitundikwa peke yake mlangoni, mteja ataona ukuta ulio nyuma kuliko maua ya kitambaa.

Upungufu wa kundi hili ni kuwa linachukulia kwamba kila mtu ana mlango, nafasi na mchana. Muuzaji wa kibanda cha mita mbili hana pa kusimamisha taa mbili. Na kuna bidhaa ya Garissa ambayo haiwezi kuingizwa kwenye boksi la karatasi.

Ngamia haingii studio

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na wenye mifugo nao hutumiana picha kwa WhatsApp. Ushauri karibu wote wa picha za bidhaa umeandikwa kwa ajili ya vitu vya mezani, kwa hiyo wafanyabiashara hawa wameachwa wajitafutie njia.

Garissa iko karibu kabisa na Ikweta, chini ya nusu digrii kusini mwake. Saa sita mchana jua liko karibu utosini mwaka mzima. Mgongo wa ngamia unawaka, tumbo na miguu vinazama kivulini, na mnunuzi wa mbali hawezi kujua kama mnyama amekonda mbavuni. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni mwanga hutoka ubavuni na kuonyesha nundu, mbavu na viungo vya miguu. Mpigaji akisimama karibu na kichwa, ile lenzi pana ya simu hukuza kichwa na kumfanya mnyama aonekane dhaifu nyuma. Asimame mita tano au sita ubavuni, simu iwe kwenye kimo cha tumbo, avute badala ya kusogea.

Kondoo wa Kisomali ndiye mtihani mgumu kuliko wote: kichwa cheusi tii, mwili mweupe pe. Kamera ikifuata mwili, kichwa kinakuwa shimo jeusi lisilo na macho. Ikifuata kichwa, manyoya yanaungua kuwa weupe mtupu. Faili ghafi ya kamera kubwa hubeba pande zote mbili na kuziokoa baadaye kwenye kompyuta. Simu za leo hujaribu hilo kwa kuunganisha picha kadhaa papo hapo, na mnyama akitulia hufaulu vizuri. Akitikisa kichwa, anapata masikio manne. Lakini mnunuzi wa mifugo anataka zaidi ya picha. Anataka kumwona mnyama akitembea, ili ajue kama anachechemea, na mdomo wake ukifunguliwa, ili aone meno na kujua umri. Video ya sekunde ishirini ya simu inajibu maswali hayo, na picha tulivu ya kamera bora haiwezi kuonyesha mwendo. Kwa mifugo, kwa maoni yangu, hoja ya kununua kamera imekufa.

Vumbi, joto na umbali wa fundi

Kamera za kubadilisha lenzi huacha njia ya kufikia sensa zake kila lenzi inapotolewa, na vumbi la Garissa halisubiri. Chembe moja kwenye sensa huwa doa kwenye kila picha yenye mandhari nyeupe, hasa lenzi ikiwa imefungwa hadi f/11. Mwenye kamera hapa ana busara akiacha lenzi moja mahali pake miezi yote. Simu haina tatizo hilo, ila kioo chake hupakwa mafuta ya vidole na vumbi, na picha nyingi zinazolaumiwa kwa ukungu zingepona kwa kufutwa na kitambaa safi. Juani simu hupata moto, hufifisha skrini, na mpigaji anashindwa kuona anachopiga.

Kamera ikiharibika, fundi wake yuko Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara ya Nairobi karibu na Madogo. Kifaa kilichotumwa kutengenezwa wakati huo hakikuwa na njia ya kurudi kwa gari. Umeme ukikatika, taa za LED na kamera zinazochajiwa kwa waya wa USB zinaendelea kwa pawabenki, tofauti na kamera za zamani ambazo betri yake lazima ichomolewe na kuwekwa kwenye chaja ya ukutani. Katika vituo vya mbali, ambako minara ya simu imewahi kulipuliwa na mtandao ni wa kusuasua, picha nyepesi hufika na picha nzito hukwama.

Picha na haki ya mnunuzi

Programu za leo huondoa mandhari kwa mguso mmoja, na nyingine huchora upya kitambaa kizima. Kuondoa ukuta mchafu nyuma ya bidhaa ni halali kwa kipimo chochote. Kuongeza mng'ao usiokuwepo ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inaharamisha maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na kwa Waislamu, ambao ndio wengi hapa, kuficha kasoro ya mali kunampa mnunuzi haki ya kuirudisha. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wao, yana masharti magumu hasa kuhusu kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Muuzaji anayepiga picha ya mshono ulioruka na kuituma pamoja na picha nzuri anafuata sheria zote mbili kwa pamoja.

Nguo zikivaliwa na mtu, ridhaa yake iandikwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Sanamu lisilo na kichwa, ambalo maduka mengi ya hijabu tayari yanalo, linaondoa mashaka hayo na pia yale ya heshima ya mwanamke kuonyeshwa hadharani.

Pesa iende wapi

Nikizipima hoja hizi kwa mizani ya Garissa, ya taa inashinda kwa nguo, viatu, manukato na vyombo, ya simu inashinda kwa mifugo na kwa kila mwenye kubadilisha mzigo haraka, na ya kamera inabaki na mahali pake pa kweli: dhahabu, na maduka yenye mamia ya bidhaa zinazopaswa kufanana. Lakini hata hao hawalazimiki kununua. Wapiga picha wa harusi wa mjini wana kamera, stendi na taa, na kazi zao nyingi ziko siku za sherehe. Maduka manne yakichanga na kumkodi mmoja wao kwa siku moja ya wiki, katalogi zote nne zinakamilika, bila mtu kufunga mtaji wake kwenye kifaa kinachoshuka bei kila mwaka.

Asiye na uhakika aanze na simu aliyo nayo, stendi ndogo, karatasi mbili za manila na mlango wake, kisha aweke daftari la bidhaa zinazorudi, aandike sababu ya kila moja kwa maneno ya mteja. "Rangi si hii" ikijaa kurasa, pesa iende kwenye taa. "Sikuona vizuri" ni stendi, au lenzi chafu. "Ni ndogo kuliko nilivyodhani" haihitaji kununua chochote zaidi ya utepe wa fundi cherehani uliolazwa kando ya bidhaa. Wateja wakianza kuandika kwamba hawakuuona muhuri wa karati, au darizi ya pindo, hapo ndipo apande basi la Nairobi kutafuta kamera, na atakapofika dukani atajua lenzi ya kuiulizia.